Misumari Kumi na Miwili

Barua ilifika Jumatatu, siku ya kliniki, wakati benchi la barazani limejaa wajawazito na hakuna mtu mwenye nafasi hata ya kukuna kichwa. Najim, tabibu wa zahanati, ndiye aliyeifungua. Aliisoma kimya, akairudia, kisha akaenda nayo mpaka mlango wa chumba cha kupimia.

"Sista, sikiliza hii."

Wahida Mwinshehe, muuguzi mfawidhi wa zahanati ya Kwamduma, alikuwa ameinama akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni mwa mama yake. Aliinua kidole kumwashiria asubiri. Alipomaliza alimfunika yule mama, akamwambia mtoto anacheza vizuri, ndipo akageuka.

"Haya, soma."

Najim alisoma kwa sauti. Zahanati ya Kwamduma imekuwa ya kwanza katika zahanati zote za vijijini. Kwa mwaka mzima, wanawake mia moja themanini na wanne wamejifungulia hapo, na hakuna aliyepoteza maisha. Mfawidhi anaalikwa Bagamoyo kupokea cheti.

Bi Fatu, mhudumu wa zahanati, alikuwa anapiga deki ukumbini. Aliegemeza dekio ukutani, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Wanawake wa barazani hawakujua kuna nini, lakini kigelegele hakiachwi peke yake, nao wakaitikia. Hata Kombo, dereva wa bodaboda aliyekuwa nje anafuta pikipiki yake, alikuja mbio akidhani kuna mtoto kazaliwa.

"Amezaliwa nani?"

"Wote," Najim alimjibu. "Mia moja themanini na wanne."

Kwamduma iko mbele ya Mkange, kwenye njia ya kuelekea Saadani, mahali ambapo mvua ikinyesha siku tatu barabara inageuka uji. Zahanati ina vyumba vinne na watu wanne, ukimhesabu Kombo, ambaye kijiji kilimchagua awe anawabeba wajawazito. Kabla ya mwaka huo wa sifa ulikuwepo mwaka mwingine ambao hawakupenda kuuzungumzia. Mwishoni mwake, mvua za vuli zikimalizikia, mwanamke aliyeitwa Sada kutoka Kwedigongo, kitongoji cha ng'ambo ya mto, alifariki njiani akiletwa kujifungua. Alikuwa amepitiliza siku zake na hakuna aliyejua. Jina lake lilikuwemo daftarini, ukurasa wa arobaini na kitu, katikati ya majina mengine.

Wiki mbili baadaye Bi Fatu alikuja kazini na misumari kumi na miwili ndani ya kopo. Kusoma hakukuwa kazi yake. Jina lake mwenyewe aliliandika kwa taabu. Alimwomba Kombo aipigilie ukutani kwenye ukumbi, mmoja kwa kila mwezi. Akaeleza kwamba kila mjamzito akija kliniki mara ya kwanza alete kipande cha kanga yake, kitundikwe kwenye msumari wa mwezi atakaojifungua. Akishajifungua, kitambaa kinatolewa, anafungwa nacho mtoto mkononi. Mwezi ukiingia na kitambaa bado kinaning'inia, Kombo anawasha pikipiki na kwenda kumtafuta mwenyewe.

"Daftari linasomwa na mtu mmoja," alisema. "Ukuta unasomwa na wote."

Najim alicheka kidogo siku ile. Baada ya miezi mitatu hakucheka tena. Wanawake wenyewe walikuwa wakipita ukumbini wanasimama, wanatazama, wanasema, "Kile cha zambarau ni cha shoga yangu, mbona bado kipo?" Na Kombo alikuwa ameshatoka.

Siku ya hafla, Wahida alivaa sare mpya aliyoipiga pasi mara mbili. Ukumbi wa Bagamoyo ulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na feni zinazozunguka bila kuleta upepo. Hakuwahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Alipopewa cheti, daktari wa wilaya, mama mmoja mchangamfu, hakumwacha ashuke jukwaani.

"Tuambie, Sista. Siri yenu nini?"

Wahida aliitazama ile halaiki ya nyuso. Alianza kusema, na maneno yakaja yenyewe. "Niliona daftari peke yake halitoshi," alisema. "Nikabuni njia ya vitambaa. Nikatundika misumari kumi na miwili." Watu wakapiga makofi. Makofi yale yalimbeba kama maji yanavyombeba mtu asiyejua kuogelea. Akaendelea. Nikapanga. Nikafuatilia. Nikahakikisha. Aliposhuka watu walimshika mkono mmoja baada ya mwingine, na kijana wa redio ya jamii aliyekuwa akirekodi alimwambia sauti yake imetoka safi kabisa.

Kesho yake aliingia zahanati na cheti ndani ya fremu na keki aliyoinunua mjini. Bi Fatu alikuwa anapanga viti barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mganga mfawidhi."

Wahida alisimama. Miaka sita waliyofanya kazi pamoja, Bi Fatu hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa akimwita mwanangu, au akikasirika, wewe Wahida. Kombo alikuwepo pale nje. Alimsalimu bila kushuka kwenye pikipiki. Ndani, Najim alikuwa anahesabu chanjo kwenye friji na hakuinua kichwa.

"Kuna nini hapa?"

Najim alifunga friji. "Jana saa saba tulikaa wote kwenye redio ya Kombo. Bi Fatu alikuwa amevaa gauni lake la Idi, Sista. Kwa ajili ya kusikiliza redio tu."

"Ndiyo?"

"Tukakusikia. *Nikabuni.*"

Wahida alifungua mdomo kujitetea. Alitaka kusema alikuwa na woga, kwamba ulimi ulimtangulia, kwamba mtu ukisimamishwa peke yako unajikuta unasema kama mtu aliye peke yake. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliyarudia maneno yake kichwani moja baada ya jingine, akakuta kote alisema *ni*. Hakuna mahali aliposema *tu*. Keki ilikaa mezani mpaka jioni, haikukatwa.

Baada ya swala ya alasiri alienda nyumbani kwa Bi Fatu. Alimkuta uani, amekaa mkekani, anachagua mchele kwenye ungo.

"Hodi."

"Karibu. Kaa."

Wahida alikaa. Bi Fatu aliendelea kupepeta.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Radhi ya nini?"

"Bi Fatu, usinifanyie hivyo. Unajua."

Bi Fatu aliweka ungo mapajani. "Mimi jina silitaki, Wahida. Nina miaka hamsini na tisa, nitalipeleka wapi? Ingekuwa jina tu nisingenuna. Unakikumbuka kitambaa cha kwanza? Kile chekundu, nilichokitundika kabla mjamzito hata mmoja hajaleta chake?"

"Nakikumbuka. Ulisema ni mfano."

"Kilikuwa cha Sada."

Wahida alimtazama. "Sada wa Kwedigongo?"

"Mtoto wa kaka yangu. Niliomba ruhusa siku tatu, nikakwambia nina msiba wa jamaa. Ukanipa ruhusa na pole juu yake. Hukuuliza jamaa gani, nami sikuwa na nguvu ya kueleza." Alichukua punje moja ya mchele, akaitazama, akairudisha. "Nililetewa ile kanga yake. Niliifua mara tatu. Nikasema yule mtoto hakuwa na mahali ambapo mtu angeuona mwezi wake umefika. Nikakata kipande. Mambo yote haya yameanzia hapo. Sasa jana nasikia mtu kabuni. Nikaona Sada kafutwa."

Kuku alipita, akadonoa punje zilizomwagika, hakuna aliyemfukuza. Wahida hakusema alikuwa hajui. Alijua sasa kwamba hilo nalo lilikuwa sehemu ya kosa.

"Nisamehe," alisema mwishowe. "Kwa redio, na kwa kutouliza."

Bi Fatu alishusha ungo mkekani. Kisha akausukuma ungo mpaka ukawa katikati yao. "Chagua huo upande wako. Macho yangu siku hizi hayaoni mawe madogo."

Walichagua mchele ule mpaka ukaisha.

Asubuhi iliyofuata Wahida alimpigia simu daktari wa wilaya. Alimweleza bila kupamba, kwamba njia ile si yake, ni ya mhudumu wake Bi Fatu, na kwamba alisema vibaya mbele za watu na angependa kusahihisha mbele za watu. Daktari akasema, "Mkifanya sherehe yenu huko, niiteni."

Sherehe ilikuwa lazima ifanyike. Kijiji kizima kilikuwa kikiiulizia. Najim alitaka pilau, maturubai na muziki. Bi Fatu alitaka waalikwe wanawake wote waliojifungua mwaka ule, na watoto wao. Wahida alikubali yote, akaongeza moja.

"Nataka kila mmoja wetu aseme alichofanya yeye. Na aseme pia tulipokaribia kuanguka."

Najim alikunja uso. "Sista, watu wanakuja kufurahi. Tukianza kutaja makosa yetu mbele yao ni kujivua nguo hadharani."

"Masika yanakuja mwezi wa tatu. Afadhali tujivue wenyewe kuliko kusubiri mvua itufanyie hivyo."

Ilifanyika Jumamosi. Waliofika walikuwa wengi kuliko sufuria zilivyotarajia, na watoto walikuwa wa kila saizi, wengine wanatambaa chini ya viti. Wahida alisimama kwanza. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. Alisema, "Mlinisikia redioni. Nilisema nimebuni. Sikubuni. Aliyebuni ni Bi Fatu, na alibuni kwa sababu ya Sada, mtoto wa kaka yake, ambaye sisi zahanati tulimpoteza." Alitamka jina la Sada kwa sauti, na la kitongoji chake. Kaka yake Bi Fatu alikuwa amekaa nyuma, kofia mkononi. Aliinamisha kichwa, akakiinua. Hakukuwa na makofi. Mtu mmoja akasema, "Mungu amrehemu," na wote wakaitikia, "Amina."

Daktari wa wilaya alikuwepo kama alivyoahidi. Alimwendea Bi Fatu alipokaa, akampigia goti la salamu kama mtoto anavyomwamkia mama.

Najim alieleza siku alipompa mama mmoja rufaa mapema kwa sababu tu miguu yake ilivimba isivyo kawaida. Kisha ikafika zamu ya Kombo. Alisimama akivutavuta kola ya shati.

"Mimi nitasema ukweli," alisema. "Masika yaliyopita mto ulinishinda mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta mama upande wa pili ana uchungu, siwezi kuvuka. Maji yakapungua jioni kwa rehema za Mungu. Mara ya pili hayakupungua."

"Mara ya pili ni mimi."

Aliyesema hivyo alikuwa Samia, mwanamke mwembamba wa Kwedigongo mwenye mtoto mgongoni. Alisimama bila kuitwa. "Mimi nilijifungua pale ukingoni, juu ya mkeka, na mvua inaninyeshea. Nilitokwa na damu nyingi mpaka nikaacha kusikia. Nilivushwa kesho yake, mkaniandika kwenye vitabu vyenu kwamba nimejifungulia hapa. Mnasema hakuna aliyekufa, nami namshukuru Mungu nimo katika hesabu hiyo. Lakini si kitambaa kilichoniokoa. Kitambaa mlikiona, mkaja, mkafika. Mto ndio ulikataa."

Minong'ono ilisambaa. Najim alimtazama Wahida kwa macho ya *nilikwambia*. Wahida alibaki amesimama.

"Ahsante, Samia," alisema. "Basi kwako tulibahatika tu. Na bahati haiji kila mwaka. Tufanye nini?"

Lilikuwa swali la kweli na watu walilichukulia hivyo. Mmoja alisema daraja. Wote wakakubali, na wote walijua daraja halijengwi kwa mwezi mmoja. Mwingine akasema mtumbwi. Kombo akasema kwa maji yale, labda mtumbwi wa kwendea akhera. Ndipo Bi Fatu akasema kutoka kwenye kiti chake, kama anayejisemea:

"Kama mto unafunga njia, mtu avuke kabla haujafunga. Ukutani tunajua mwezi wa kila mmoja. Wa ng'ambo waje wiki mbili kabla."

"Wakae wapi?" akauliza Najim.

Bi Fatu alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya zahanati. Kulikuwa na nyumba ya zamani ya mganga wa zahanati, miaka kumi haikaliwi, paa limetoboka na popo wamehamia.

Watu waliigeukia. Abdulrazak, mume wa Samia, alikuwa fundi mwashi. Alienda kuichungulia dirishani palepale, sahani ya pilau mkononi, akarudi. "Kuta ni nzima," alisema. "Plasta nitapiga mimi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwenyekiti wa kijiji alipata mabati ya zamani ya ghala. Wanaume wa Kwedigongo walivuka kila Jumamosi na majembe yao. Popo walisumbua kuliko kitu chochote. Walifukuzwa wakarudi, wakafukuzwa wakarudi, mpaka Najim alipoziba kila tundu kwa mikono yake mwenyewe, amejifunga shuka usoni. Alichaguliwa pia kupaka rangi, akapaka vizuri kuliko mtu alivyotegemea, na baada ya hapo hakuna aliyemsikia akilalamika kuhusu ile sherehe. Wanawake walileta mikeka na vyandarua. Wiki ya pili ya mwezi wa tatu nyumba ilikuwa na vitanda sita.

Katikati ya shughuli hizo daktari wa wilaya alipiga simu. Alitaka Bi Fatu aende kuwafundisha wahudumu wa zahanati nyingine, aanzie Saadani.

"Mimi?" Bi Fatu alimwambia Wahida. "Nikafundishe nini? Wataniletea karatasi nisome."

"Utawaambia ulivyoniambia mimi uani kwako. Hakuna karatasi."

Alienda na kopo lake la misumari. Alirudi baada ya siku mbili, ananukia dagaa, akiwa na habari tele. Wanawake wa kule walimwambia msumari kwao unaliwa na chumvi ya bahari, hauchukui mwaka. Wakaamua kutumia vijiti vya mkoko. Na kijana mmoja mhudumu alikuwa ameuliza swali zuri: mama anayehama kufuata mume dago, kwenye kambi ya wavuvi, akitundika kitambaa, nani atamfuata? Bi Fatu alilibeba mpaka Kwamduma. Alimletea Wahida lile swali kama mtu anavyoleta zawadi, wakakaa nalo jioni nzima.

Mvua zilichelewa mpaka mwanzoni mwa mwezi wa nne, na zilipoanza hazikutania. Katika nyumba ile walikuwepo wanawake watano wa ng'ambo. Wa tano, Arafa, alikuja akinung'unika. Kombo alikuwa amemfuata kwake mwezi wa kitambaa chake ulipoingia, akamkuta anapalilia. Alisema siku zake bado, alisema ameacha kuku na mume asiyejua hata kupika uji. Alilalamika siku nane mfululizo. Wenzake walimzoea, walimpa kazi ya kuonja chumvi kwenye mboga, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kizuri kwake.

Siku ya tisa mto ulipanda mpaka ukafunika miti ya ukingoni. Siku ya kumi, asubuhi, Arafa alishikwa na uchungu. Mtoto alikaa vibaya. Wahida na Najim walihangaika naye mpaka karibu na adhuhuri, Bi Fatu ameshika kichwa chake na kumwambia kuhusu kuku wake mmoja mmoja, na mara damu ilipoanza kumtoka nyingi mno, dawa ilikuwepo, mikono ilikuwepo, na dripu ilikuwa imeshatundikwa. Mtoto alilia saa sita na robo. Wa kike. Wahida alitoka nje, akaegemea ukuta. Kichwani alikuwa anaona ukingo wa mto, na mkeka wa Samia, na mvua.

"Muhidini yupo ng'ambo," Kombo alikuja kusema. Muhidini alikuwa mume wa Arafa. "Amesimama tangu alfajiri, kama jana. Simu haishiki."

Damu ilikuwa imekata na wenzake walikuwa wamekaa na Arafa, basi wakaenda, Kombo, Najim na Wahida, na Bi Fatu nyuma yao na mwavuli uliovunjika kijiti kimoja. Mto ulikuwa mwekundu na unanguruma. Upande wa pili mtu mmoja alikuwa amesimama, shati limemganda mwilini.

"Wa kike!" Kombo alipaza sauti. "Wazima wote wawili!"

Muhidini aliweka mkono sikioni. Maji yalikuwa yamemeza kila neno. Kombo alipiga kelele tena, kisha akaacha, akainua vidole viwili juu: mama na mtoto.

Muhidini aliviangalia vidole vile. Naye akainua viwili, kama anayeuliza. Kombo akatikisa kichwa kukubali, akitabasamu kwa meno yote. Muhidini akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akazunguka mahali alipo, akaruka, kisha akaelekea kibla na kusujudu palepale kwenye tope.

"Kombo," Wahida alisema taratibu, "anadhani ni mapacha."

Najim alianza kucheka kwanza, akashindwa kusimama. Kombo alijaribu kutikisa mikono kusahihisha, lakini yule wa ng'ambo bado paji lake lilikuwa ardhini.

"Mwache," Bi Fatu alisema, anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Afurahie hao wawili mpaka maji yapungue."

Walisimama kidogo kumtazama. Kisha Wahida akawakumbusha kwamba kuna wanne wengine nyumbani wanaosubiri chai, wakageuka wote pamoja na kupanda njia ya kurudi.